Migori hadi Homa Bay bila gari: Jinsi ya kupanga safari ya kundi bila pesa kupotelea njiani

Kila Desemba mambo ni yale yale. Watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, matatu zinajaa na nauli inapanda. Ukipiga simu kuulizia chumba Mbita, unaambiwa vimeisha. Lakini ukingoja wiki ambazo shule hazijafungwa na mvua kubwa ya Machi hadi Mei haipo, mambo hubadilika. Februari, Juni na Septemba mwenye nyumba ya wageni ana muda wa kuongea nawe, na dereva yuko tayari kupunguza bei.

Kama ni chama, kwaya, au marafiki wa chuo kutoka Rongo University au Tom Mboya University, hii makala ni yenu. Hamna gari? Si shida. Kinachovunja safari nyingi za kundi ni hesabu ya pesa, na hapo ndipo tunataka kusaidia.

Mtaenda wapi?

Njia rahisi kutoka mji wa Migori ni matatu hadi Rongo, kisha Homa Bay, kisha Mbita. Kutoka Mbita mnavuka daraja na kuingia Rusinga. Huko kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ni kisiwa hicho hicho ambapo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Mkiwa na siku ya ziada, boti za abiria zinatoka Mbita kwenda Mfangano, kwenye michoro ya kale ya mwambani.

Thimlich Ohinga iko upande mwingine, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Ni kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, na UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ipeni siku yake. Mkijaribu kuichanganya na Rusinga siku moja, mtamaliza siku nzima barabarani.

Halafu kuna Ruma, mbuga pekee Kenya ambapo bado unaweza kumwona korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili, mweusi na mweupe. Hapa matatu na boda hazitawafaa, kwa sababu ndani ya mbuga mnahitaji gari. Lakini mko kundi, na gari la kukodi nusu siku mkigawana si mzigo. Kidokezo: msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wa Bonde la Lambwe wanazipenda sana rangi hizo.

Pigeni hesabu ya watakaobaki

Tuseme gari la kwenda Ruma ni shilingi 10,000 na mko watu 10. Kila mtu ni 1,000. Asubuhi ya safari wawili wanasema hawawezi. Dereva bado anataka 10,000 yake, kwa hivyo wanane waliobaki sasa ni 1,250 kila mmoja. Kama kuna mtu alikuwa amejibana kupata hiyo 1,000, hiyo 250 inaweza kumfanya abaki nyumbani, na mzigo unazidi kwa wengine.

Ndiyo maana tunashauri mkubaliane mapema, tena kwa maandishi kwenye grupu ya WhatsApp:

- Siku ya mwisho ya kuchanga. Asiyelipa hadi hapo hahesabiwi.
- Anayejiondoa baada ya hapo harudishiwi fungu lake la gari, isipokuwa amepata mtu wa kuchukua nafasi yake.
- Ya chakula anaweza kurudishiwa, kwa sababu bado haijatumika.

Ni heri mzozane kidogo kwenye simu kuliko kukosana stendi.

Nani ashike pesa?

Mweka hazina asichanganye michango na pesa yake ya nyumbani. Kama ana laini ya pili, hiyo ndiyo itumike. Kama chama chenu kina akaunti ya kikundi, ambapo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake, hiyo ni bora zaidi. Kila jioni aweke kwenye grupu orodha ya waliochanga na jumla iliyopo. Si kwamba hamumwamini. Orodha inamlinda yeye pia.

Pia mwelewane kuhusu "ya kutoa". Kama malipo mengi yatafanywa kwa Till, haina haja kila mtu kuongeza ada ya kutoa pesa kwa wakala.

Kabla ya kutuma malipo ya awali

Chumba mnachokiona kwenye picha mtandaoni kinaweza kuwa si cha huyo anayekiuza. Mpigie simu mwenyewe, umuulize kiko karibu na nini, na mtafute mtu wa eneo hilo apite kuangalia. Anza na kiasi kidogo. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN lisome polepole. Kama ulitarajia jina la biashara na limekuja la mtu usiyemjua, acha hapo kwanza uulize.

Mweka hazina akipata ujumbe wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", aangalie salio lake kwanza. Ujumbe peke yake si pesa. Hata kama pesa imeingia kweli, mtumaji apige huduma kwa wateja ili irudishwe kwa utaratibu. Na PIN haipewi mtu yeyote, hata sisi.

Pesa taslimu bado ina kazi

Malango ya mbuga za KWS hayapokei pesa taslimu, kwa hivyo lipieni mapema kwenye eCitizen mkiwa na mtandao mzuri. Lakini mwenye boda, mama wa omena na kijana wa boti wanaweza kutaka noti. Toeni pesa Homa Bay au Mbita kabla ya kuvuka, kwa sababu wakala wa kisiwani anaweza kuishiwa floti. Bebeni noti za 50 na 100, na pawa benki moja ya kundi. Simu ya mweka hazina ikizima chaji, safari yote imezima.

Mwisho, kwenye boti kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Kama hazitoshi, subirini boti inayofuata. Msimu ni mtulivu, hamna haraka.