Redio ya Mfukoni (2): Mikisa Gani Itafaa Isiolo?

Wiki jana tuliacha eriali imeshatundikwa, waya mmoja kutoka mgunga hadi ukingo wa paa. Leo tunafungua kisanduku chenyewe tukutane na mikisa, yaani kichanganya mawimbi.

Kazi yake ni hii. Wimbi la kilohezi 7,030 linaingia kutoka kwenye eriali, na osileta ya redio yako inazalisha 7,029.3. Mikisa inayachanganya, na kinachotoka ni jumla yake, ambayo hatuna haja nayo, pamoja na tofauti yake: hezi 700, ule mlio mwembamba wa Morse.

Anayejenga redio ndogo huwa na njia mbili. Ya kwanza ni aisii ya miguu minane, SA612, ndugu mdogo wa NE602 ya Signetics. Ndani yake mna saketi iliyoelezwa na Barrie Gilbert mwaka 1968, na transista ya osileta imo humo humo. Inakula miliampia 2.4 tu na kukuza wimbi kwa desibeli 17 hivi. (Usiipe volti 9 moja kwa moja, ishushe hadi 6.) Njia ya pili ni pete ya diodi nne na vitransfoma viwili. Hiyo haikuzi kitu: inapoteza desibeli 6 na inadai osileta iisukume kwa miliwati 5. Ukiongeza transista ya kusukuma na nyingine ya kufidia kilichopotea, betri inadaiwa miliampia 30 au zaidi.

Kwa hesabu za karatasi, SA612 imeshashinda. Nami niliamini hivyo nilipojenga ya kwanza, na mchana kutwa haikunipa shida. Jua lilipotua, sauti ya mtangazaji ikaingia kwa Kiamhari. Nikazungusha kitufe cha masafa, haikuhama. Nikakifikisha mwisho, bwana yule bado anasoma taarifa yake ya habari.

Kosa lilikuwa langu, la kusahau ninaishi wapi. Tangu 29 Machi 2009, kilohezi 7,100 hadi 7,200 zilitengewa redio ya ridhaa upande wetu wa dunia, lakini stesheni za Ethiopia na Eritrea ziliendelea kusikika humo miaka mingi baadaye, pamoja na ngurumo za kuzibana sauti. Addis Ababa iko kilomita kama 1,000 kutoka hapa. Kwa wimbi la usiku huo ni mruko mmoja. SA612 ikilemewa hugeuka kipokezi cha kila mwenye nguvu, popote ulipoweka kitufe. Huzaa pia mizimu: stesheni mbili kali zikiwa kwenye 7,110 na 7,145, utasikia mchanganyiko wake kwenye 7,075, mahali pasipo na mtu. Pete ya diodi huvumilia mawimbi yenye nguvu mara mia kadhaa zaidi.

Je, tuitupe SA612? Hapana, maana hatuuhitaji ukali wote wa masikio yake. Kwenye bendi ya mita 40, kelele za radi, nyingi zikitoka bonde la Kongo, huzidi kwa mbali kelele za redio yenyewe. Ukipunguza kinachoingia kwa desibeli 6, stesheni unayoitaka inashuka 6, sauti ya yule mtangazaji inashuka 12, na mzimu unashuka 18. Ni biashara yenye faida, na haigharimu hata miliampia moja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye betri ya gari au paneli kubwa nyumbani ajenge ya diodi, hatajuta. Anayetaka redio ya kubeba hadi Merti akarudi na betri ile ile, achukue SA612, aweke mbele yake chujio lenye koili mbili, na mbele ya chujio volyumu ya omu 1,000 ya kuibana eriali.

Wiki ijayo ni zamu ya osileta. Kabla ya hapo itafute hiyo volyumu. Iliyong'olewa kwenye redio kuukuu inafaa, mradi isiwe inakwaruza. Na ukishaanza kutamani kutuma na si kusikiliza tu, leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutangulia.