Mtu wa Bara na Kasa wa Juani

Wako watu wengi wa bara ambao, walipofika Unguja kwa mara ya kwanza wakavushwa kwa mashua hadi kisiwa cha Changuu, walirejea makwao Tabora, Singida au Songea wakihadithia kwa furaha kuwa wamemwona kasa. Kumbe huyo waliyemlisha majani na kumpapasa shingo alikuwa kobe mkubwa wa nchi kavu, ambaye wazee wake waliletwa hapo kutoka Shelisheli mnamo 1919, hidaya ya gavana wa visiwa vile. Kosa hili halistahili kuchekwa. Mtu aliyekulia mbali na bahari hukutana na kasa kwanza kitabuni, na kitabu aghalabu humwita kobe wa baharini. Basi akimkuta kobe kisiwani, maji yamemzunguka pande zote, atashuku nini?

Walakini tofauti yao ni kubwa, na anayeijua hadanganyiki tena. Kobe ana miguu minene kama vinu, na akitishika hurudisha kichwa chake ndani ya gamba akajifungia kama mtu aliyetia komeo mlangoni. Ilhali kasa hana miguu ila makasia, mawili marefu ya mbele ya kumsukuma majini na mawili mafupi ya nyuma ya kumwongoza, na kichwa chake hawezi kukificha ijapokuwa mauti yamemkabili. Kasa dume, akiisha kuingia baharini siku aliyoanguliwa, katika fukwe zetu hakanyagi tena nchi kavu maisha yake yote. Jike ndiye arudiye, naye hurudi kwa haja moja tu, kutaga. Kwa hiyo atakaye kumwona kasa mchangani hana budi kuzifuata nyakati za majike na za mayai yao, kama manahodha wa majahazi walivyozifuata pepo za kaskazi na kusi.

Katika bahari zote za dunia kuna kasa wa aina 7, na 5 kati yao huonekana katika maji ya Afrika Mashariki, kila mmoja na jina lake vinywani mwa wavuvi. Kasa uziwa ndiye aonekanaye zaidi: mkubwa wake hufika urefu wa takriban mita 1 na uzani wa kilo 150 hivi, naye hulisha katika majani yaotayo chini ya bahari kama ng'ombe wa Mgogo alishavyo mbugani. Ng'amba ni mdogo kuliko huyo, mdomo wake umechongoka kama wa kipanga, na chakula chake kikubwa ni sifongo za miambani. Hawa wawili ndio wanaotaga siku hizi katika fukwe za Tanzania. Duvi mwenye kichwa kikubwa, na kigome aliye mdogo, na noa, jitu lenye mgongo wa ngozi linaloweza kupita kilo 500 ingawa riziki yake ni yavuyavu, hao kwetu ni wapita njia. Na duvi waliotiwa alama katika fukwe za Tongaland, huko Afrika Kusini, wamepata kunaswa katika maji ya Tanzania.

Wala mtu wa bara asijidhani mgeni kabisa katika habari hizi. Kitabu cha safari kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Kiyunani katika karne ya 1 baada ya Masihi, chataja kuwa baina ya bidhaa zilizotoka Rhapta, soko la mwisho la Azania, zilikuwamo pembe za ndovu na magamba ya kasa: pembe, mali ya nyika, na magamba, mali ya bahari, zikipakiwa chombo kimoja. Kitabu hicho chasema pia kuwa katika kisiwa cha Menuthias, ambacho wanazuoni hata leo hubishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, watu waliwanasa kasa kwa matenga waliyoyafunga milangoni mwa vijito vya bahari. Baadaye mwambao ulikuwa na hila nyingine ya ajabu zaidi, ya kumtumia samaki aitwaye chazo, mwenye kinyonyeo utosini, ambaye mvuvi alimfunga kamba mkiani akamwachia amgande kasa, kisha akawavuta wote wawili. Gamba la ng'amba lilikwenda kufanywa vitana, visanduku na vipambo vya watu wa mbali, mpaka mnamo 1977 mapatano ya kimataifa ya CITES yalipoipiga marufuku biashara ya kasa wa baharini. Na Japani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilikoma kuagiza gamba hilo mwishoni mwa 1992.

Tuseme sasa juu ya safari yenyewe. Kwa mtu wa Dodoma bahari imesogea, maana tangu 2024 treni ya umeme humfikisha Dar es Salaam kwa saa zisizozidi 4 hivi, ilhali zamani alilala njiani. Toka hapo, mwenye nauli ya ndege hufika Mafia kwa nusu saa hivi, na asiyekuwa nayo hushika njia ya kusini hadi Nyamisati, kando ya delta ya Rufiji, akapanda boti ya kuvuka hadi Kilindoni. Akiisha fika Kilindoni husafiri kwa gari hadi Utende, lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mnamo 1995, akalipa ada yake, kisha akavuka tena kwa mashua hadi Juani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Kua. Hata hapo hajafika bado. Kasa hutagia upande wa mashariki, uelekeao bahari kuu, na mgeni hukikata kisiwa kwa miguu, akipita vichakani na penye miamba ya matumbawe, mpaka asikie mshindo wa mawimbi.

Majike huja kwa wingi zaidi katika miezi ya masika, na watoto huonekana zaidi kati ya Juni na Septemba. Anayetaka kumwona jike akitaga lazima avumilie usiku, kwa kuwa kasa huogopa mwanga na nyendo za watu. Akiona kurunzi au kivuli cha mtu kabla hajaanza kutaga, hugeuka akarudi majini, na taabu yake yote ikawa bure. Adabu ya ufukweni kwa hiyo ni ya namna moja kila mahali: nguo zisizong'aa, sauti ya chini, simu mfukoni, na kumfuata kiongozi ambaye humwacha jike achague mahali, achimbe shimo kwa makasia ya nyuma, kwa taratibu na ustadi ambao fundi wa kisima angeuonea gere, na aanze kuangusha mayai, ndipo amruhusu mgeni akaribie kwa nyuma. Mayai yake hupita 100 katika kiota kimoja, meupe, ya mviringo, ukubwa wa mpira wa meza. Wakati huo utaona machozi yakimtiririka, na wengi husema analia kwa uchungu wa uzazi. Kumbe hayo ni maji ya chumvi ambayo mwili wake huyatoa kwa njia ya macho mchana na usiku, awe nchi kavu au baharini. Akiisha fukia hurudi zake, akiacha mchangani mkokoto ambao mtu wa mashambani, akiuona asubuhi, angeapa kuwa trekta limepita. Atatoka tena baada ya wiki 2 hivi, mara kadhaa katika msimu huo, kisha atapumzika miaka 2 au zaidi kabla ya msimu mwingine.

Walio wengi, hata hivyo, hawajaliwi usiku huo, nao huenda Juani kuwatazama watoto. Mayai hukaa mchangani siku 60 hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likiwa chini ya nyuzi 29 za Selsiasi au karibu yake, wengi wao huwa madume, na likipanda juu ya hapo huwa majike. Watoto hujikusanya chini, wakapanda pamoja, na kwa desturi hutoka usiku, mchanga ukiisha poa, wakakimbilia upande ulio na nuru zaidi, ambao tangu kuumbwa kwao ulikuwa ni bahari iliyoangazwa na mbingu. Lakini siku hizi katika fukwe nyingi ni taa za hoteli, zinazowapotosha wakaelekea barabarani.

Na hapa pana jambo ambalo msafiri haambiwi kila mara. Watoto anaowaona alasiri, kiongozi anapokichimbua kiota taratibu kwa mikono yake, aghalabu si kundi lenyewe, bali ni mabaki yake. Kundi lilikwisha toka usiku, na kiota huchimbuliwa baadaye ili maganda yahesabiwe, mayai yaliyoharibika yajulikane, na waliokwama katika mizizi au mchanga mzito waokolewe. Mgeni wa bara, aliyefika baada ya treni, gari, boti, mashua na miguu, huonyeshwa waliochelewa kama yeye.

Anayechimbua ni mwanakijiji. Tangu 2001 shirika la Sea Sense, lililoanzia kazi yake Mafia, limewafundisha watu wa vijijini kulinda viota, kuandika habari zake, na kuhamisha mayai yaliyotagwa mahali yatakapofikiwa na maji ya bamvua; anayearifu kiota hupewa kifuta jasho, na sehemu ya ada za wageni hurudi kijijini. Hapo zamani mayai hayo yalikuwa kitoweo, na si haki kumlaumu mtu mwenye njaa kwa kula alichokikuta mlangoni pake. Leo sheria yakataza, na fauka ya sheria iko hatari, kwani nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyoondolewa na moto: mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, iliwaua watoto 8 na mtu mzima 1. Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni jarife, wavu wa macho makubwa utegwao kwa papa na taa, ambamo kasa hunaswa, akakosa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa maji kama mtu.

Juhudi hizi si bure. Mnamo Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kasa uziwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, baada ya ulinzi wa miongo mingi katika fukwe za nchi nyingi. Ng'amba bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa.

Je, mtu wa bara asiyejaliwa nauli ana sehemu gani katika haya? Ardhi na mito yajibu. Ruaha Mkuu hutoka katika nyanda za juu za kusini, Kilombero hukusanya maji ya milima ya Udzungwa na mabonde ya Morogoro, yote hukutana katika Rufiji, na Rufiji humwaga mzigo wake baharini mkabala na Mafia. Tope la shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto huko Iringa lina njia ya kuyafikia majani ya baharini anayolisha kasa uziwa, na mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni, ukielea majini, humdanganya noa akaumeza akidhani ni yavuyavu. Kabla mtu hajamwona kasa, taka zake zaweza kuwa zimetangulia.

Tena fukwe zenyewe hazidumu. Mkabala na Pangani kilikuwako kisiwa cha Maziwe, chenye miti, kilichosifika kwa wingi wa kasa waliotaga hapo. Kilimomonyoka, miti ikaanguka, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika lote. Majike wangali wakija. Mayai wanayoyataga hapo huhamishiwa Ushongo, upande wa bara, na watu wenye huruma, maana kasa aliyezaliwa mahali hapo hakupashwa habari kuwa kwao kumezama.

Sasa rudi Juani, alasiri, wakati kusi inavuma. Wageni wamepiga magoti nyuma ya mstari uliochorwa mchangani, na mtoto wa mwisho, asiyejaza kiganja, anaburura makasia yake, anaanguka katika wayo wa mtu, anapanda tena, wimbi linamfikia, linamrudisha nyuma, linamfikia mara ya pili, na hayupo. Yamkini mmoja tu katika elfu hufika utu uzima, na akifika, itampasa miaka 25 au zaidi kabla ya kurudi kutaga katika pwani ileile. Kiongozi anahimiza watu waondoke, kwa kuwa maji yanakupwa na mashua haitaelea. Msichana wa miaka 10 kutoka Dodoma, akiangalia nyuma njia nzima ya vichakani, anauliza huyo wa mwisho atarudi lini. Naye akijibiwa anahesabu kwa vidole, na kugundua kuwa siku hiyo yeye mwenyewe atakuwa na umri wa mama yake.