Filme ya Noeli yenye mwalimu muuza samaki

Noeli iliyopita niliwaonyesha watoto wa kwetu Kiringye filme ya katuni inayoitwa Klaus. Shuka nyeupe ukutani, projekta ya kukodi, batri ya sola ya jirani. Filme ilisema Kifaransa, mimi nikawa natafsiri kwa sauti. Ni komedi ya jamaa nzima: koko mmoja alicheka kupita wajukuu wake.

Jesper ni mtoto wa tajiri, mvivu kabisa. Baba yake, mkubwa wa posta, anamtuma Smeerensburg, kijiji cha theluji huko kaskazini: apate barua 6.000 kwa mwaka mmoja, ao asahau mali ya nyumbani. Lakini huko hakuna anayeandika. Koo mbili, Krum na Ellingboe, zinapigana tangu wakati wa mababu. Hapo sisi watu wa Bonde la Ruzizi hatuna haja ya kufafanuliwa.

Kinachochekesha ni namna desturi za Noeli zinavyozaliwa kwa bahati mbaya. Mlango umefungwa, basi Jesper anapitia kwenye bomba la moshi. Mtoto mkorofi anamtupia theluji, yeye anamwachia makaa badala ya zawadi. Gari la kukokotwa linaruka kilimani, mtoto mmoja analiona, kesho yake kijiji kizima kinasema linapaa. Uvumi tu! Tunaujua.

Aliyeitengeneza ni Sergio Pablos, Mspania aliyewahi kufanya kazi Disney. Wachoraji wake wa Madrid walichora watu kwa mkono, kisha programu ikawasaidia kuweka mwanga na kivuli, ndiyo maana sura zinaonekana kama zina unene. Ilitoka Netflix Novemba 2019, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya BAFTA. Oscar ilichukuliwa na Toy Story 4. Mimi ningetoa kura tofauti, lakini nani aliniuliza.

Sasa Alva. Alifika pale kuwa mwalimu. Wazazi wakakataa kuweka watoto wao kwenye benchi moja na watoto wa adui, naye akageuza darasa kuwa duka la samaki. Anapasua samaki mbele ya ubao, huku anaweka akiba ya kukimbia kijiji.

Mtoto mmoja akaniuliza, «Mwalimu njo anauzisha samaki?» Watu wakubwa wakacheka, kisha wakanyamaza, juu kati yetu alikaa mwalimu ambaye hajaingia kwenye listi ya mshahara wa Serikali, na asubuhi ile alikuwa ameuzisha ndakala sokoni. Hakukasirika. Alisema tu, «Endelea kutafsiri.»

Watoto wa Smeerensburg wanataka vitu vya kuchezea, na kuvipata lazima kuandika barua, na kuandika lazima kujifunza. Wanaanza kubisha kwa Alva. Akiba yote ya safari anaitia katika kutengeneza darasa. Filme haimfanyii sherehe. Tunaona ukuta umepakwa rangi, basi. Pale nilishindwa kutafsiri kidogo. Diplome yangu ya ualimu iko ndani ya valizi tangu niipate, na valizi iko tayari.

Kesho yake mvulana mmoja aliniletea karatasi iliyokunjwa. Posta hatuna, akaona mimi ndiyo Jesper. Ameandika kwa herufi kubwa, na makosa mawili: anaomba mupira wa kweli, si wa sashe.