Samaki wako anajificha kutwa? Mwongezee maficho, utamwona

UMEJINYIMA miezi kadhaa hadi ukanunua tangi la kioo, ukaliweka kwenye kona ya bedsita yako kule Section 58, Nakuru. Ndani mna samaki wanane wa rangi za kuvutia. Mabeste wakikutembelea, simu zinatoka mifukoni na picha zinapigwa.

Lakini kuna mmoja ambaye hajawahi kuingia kwenye picha hata moja. Tangu siku ya kwanza amejibanza nyuma ya filta. Wenzake wakila, yeye anachungulia tu. Wiki inaisha na tumbo limeanza kubonyea. Asipokula, utamtoa akiwa amekufa.

Hapo wengi hukosea njia. Wanaondoa mawe na mimea ili samaki akose pa kujificha, eti azoee watu. Matokeo yake anazidi kuogopa, rangi inafifia na chakula hakigusi kabisa. Dawa ni kinyume cha hayo: samaki mwoga hutoka anapojua kwamba ana mahali pa kukimbilia, tena karibu.

Hatari hutoka juu

Ukitaka kuelewa woga huo, fika Ziwa Nakuru. Ziwa hilo la magadi halikuwa na samaki hadi tilapia wadogo wa Ziwa Magadi walipoletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Walipozaana, wageni wakafuata. Mwari, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, walianza kuja kwa maelfu. Wengi walikuwa wakitaga visiwani Elmenteita, kisha wanaruka hadi Nakuru kutafuta mlo.

Kwa samaki mdogo basi, kivuli kinachopita juu ya maji ni kifo kinachokuja. Silika hiyo haimtoki kwa sababu amezaliwa dukani. Mkono wako unapoingia tangini kutoka juu, kwake huo ni mdomo wa mwari.

Somo kutoka Tanganyika

Ziwa Tanganyika liko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde hili letu la Ufa. Humo mna samaki wadogo, wengine hawafiki hata sentimita 5, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono chini ya ziwa. Kila mmoja ana kombe lake. Akiona hatari, anajitosa ndani kufumba na kufumbua.

Wanaowafuga samaki hawa nyumbani hutandaza mchanga na kuwawekea makombe mengi, zaidi ya idadi ya samaki. Basi utawaona nje mchana kutwa wakichimba mchanga na kufukuzana, kwa sababu mlango wa nyumba uko karibu.

Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Chungu cha maua kilichovunjika, kifuu cha nazi kilichochemshwa au kipande cha paipu ya plastiki kilichobaki kwa fundi vinatosha. Sugua kwa maji moto bila sabuni. Pango likiwa na milango miwili ni bora zaidi, maana mbabe wa tangi hawezi kumzingira mwenzake ndani. Funika upande wa nyuma na pembeni kwa karatasi nyeusi, kisha ongeza mimea inayoelea ili kupunguza mwanga.

Je, ni woga au ni baridi?

Kabla ya kumlaumu samaki, angalia themomita. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hata wewe unajifunika blanketi mbili. Samaki wengi wa mapambo wanatoka nchi za joto na wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Yakipoa, wanazubaa chini na kukataa chakula, nawe unadhani ni haya. Tangi la lita 60 linahitaji hita ya wati 75 hivi. Stima ikipotea, lizungushie blanketi.

Maji nayo ni muhimu. Ya mfereji yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke. Ya kisima yapime pH kwanza, kwa sababu visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye magadi. Gapi wanayavumilia, lakini neoni tetra kutoka mito ya Amazon wanataabika.

Wawili wawili ni kosa

Kosa jingine ni kununua samaki wawili wawili kama Nuhu akijaza safina. Tetra huishi kwa makundi. Akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, anaishi kwa hofu. Wanunue sita au zaidi, mradi tangi lina nafasi.

Majirani pia wana kazi. Samaki watulivu wanaoogelea juu bila wasiwasi, kama gapi, ni sawa na walinzi wa mtaa. Mwoga huwatazama kutoka pangoni. Akiona wametulia, naye anathubutu kutoka. Usimweke na oska, maana oska humeza chochote kinachoenea mdomoni. Ukiona mapezi yameraruka, huyo anapigwa, mtenge. Ukiona madoa meupe au anahema juu juu, huyo ni mgonjwa.

Mlishe kwa ujanja

Wape walafi chakula upande mmoja, kisha dondosha chembe zinazozama karibu na pango la mwoga. Kama ni wa kutembea usiku, mlishe baada ya kuzima taa ya tangi. Asubuhi washa taa ya chumba kwanza, ya tangi ifuate baadaye. Mwanga wa ghafla humshtua. Lisha saa ileile kila siku, usigonge kioo, na ukae mbali kidogo ukitulia. Mpe wiki mbili hivi kabla ya kukata tamaa.

Na ukishindwa kabisa, usimwage samaki Mto Njoro wala ziwani kwa kumhurumia. Naivasha inajua gharama ya viumbe wa kuletwa: kamba wa Louisiana aliingizwa humo mwaka wa 1970, akaangamiza mimea ya majini iliyokuwa makao ya wengine. Mrudishe kwa aliyekuuzia au mpe mfugaji mwenzako.

Lakini jaribu chungu kwanza. Siku ya kwanza utaona pua tu mlangoni. Baadaye kichwa, kisha mwili mzima kwa sekunde chache. Siku atakapokuja kula mbele ya wenzake, mpige picha, ila zima flashi.