Boila Ndogo, Hatari Kubwa: Usalama wa Modeli za Garimoshi la Mvuke

Garimoshi la mvuke lina nafasi kubwa katika historia ya Tanzania. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi mabehewa yake yalivutwa kwa nguvu ya maji yachemkayo. Leo kazi hiyo hufanywa na injini za dizeli na za umeme. Hata hivyo mvuke haujaondoka katika masomo, kwa kuwa ni mashine chache zionyeshazo wazi kama hii jinsi joto linavyogeuzwa kuwa mwendo. Ndiyo maana modeli ya garimoshi, iwe imenunuliwa katika vipande vya kuunganishwa au imeundwa na wanafunzi wenyewe, huvutia sana vikundi vya sayansi shuleni.

Katika mtaa kama Sinza, jijini Dar es Salaam, vifaa vya kuundia modeli kama hiyo si vigumu kupatikana. Wapo wachomeleaji, mafundi wa majokofu na wauzaji wa vyuma chakavu. Jambo gumu ni kujua kama chombo kilichoundwa kitastahimili kazi yake. Boila ni chombo kilichofungwa, nacho kikipasuka hakimpi mtu nafasi ya kukimbia.

HATARI IKO WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya boila ni ule mvuke ulio juu ya maji. Kwa kweli hatari kubwa zaidi imo katika maji yenyewe. Katika sufuria iliyo wazi, kwenye usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Yakifungiwa ndani ya boila yenye kanieneo, yaani presha, ya kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba juu ya kanieneo ya hewa, hayachemki mpaka yafikie nyuzi 143 hivi.

Boila hiyo ikipasuka, kanieneo hushuka ghafla, na maji hayawezi tena kubaki katika joto hilo. Kwa kila kilo moja ya maji, gramu 80 hivi hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi ya lita zaidi ya 130. Kwa hiyo boila iliyojaa maji moto huhifadhi nishati nyingi kuliko boila ileile iliyojaa mvuke mtupu. Udogo wa modeli hupunguza nishati hiyo, lakini hauiondoi. Nusu lita tu ya maji yaweza kumuunguza vibaya mwanafunzi aliyeinama kutazama.

UKUTA NA VIFUNIKO

Tuchukue boila ya bomba la shaba nyekundu lenye kipenyo cha sentimita 5 na unene wa milimita 1.6, ikifanya kazi kwa kanieneo ileile ya kilo 3. Mkazo katika ukuta wa bomba hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa nusu ya kipenyo, kisha kugawanya kwa unene. Jibu ni kilo 47 hivi kwa sentimita ya mraba. Shaba iliyolainishwa kwa moto hustahimili zaidi ya mara 40 ya mkazo huo kabla ya kukatika. Ukuta, basi, si tatizo.

Sasa tuvitazame vifuniko vya mwisho. Eneo la kila kifuniko ni sentimita za mraba 19.6, kwa hiyo mvuke hukisukuma kwa kani sawa na uzito wa kilo 59. Ni kama mtu mzima aliyesimama juu ya kifuniko hicho kidogo, na kinachomzuia asianguke ni kiungo chembamba cha lehemu kinachokizunguka.

Magarimoshi makubwa yalikuwa na tatizo hilohilo. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Mbili kati yake, zilizopewa majina ya milima ya Tanzania, Gelai na Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Boila yao ina kipenyo cha mita 2.28 hivi, na ilifanya kazi kwa kanieneo ya pauni 225 kwa inchi ya mraba. Bamba la duara la upana huo lingesukumwa kwa kani ya zaidi ya tani 600, ilhali injini nzima ina uzito wa tani 250 hivi. Ndiyo sababu wahandisi huweka ndani ya boila vyuma vya kushikiza mabamba yasifutuke. Katika modeli pia, kifuniko bapa kilichobandikwa tu mwisho wa bomba ni kazi mbovu. Kifuniko bora hukunjwa ukingo ili kiwe na eneo pana la kushikana na bomba, na aghalabu huimarishwa kwa fito ya shaba ipitayo kati.

VIUNGO

Lehemu ya kawaida ya bati na risasi, itumiwayo na mafundi wa redio, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na hupoteza nguvu mapema zaidi. Maji yakipungua na moto ukakigusa kiungo kilichokauka, joto hilo hufikiwa upesi. Kwa hiyo boila bora hulehemiwa kwa lehemu ya fedha, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 600. Shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, yahitaji hadhari pia: maji moto yaweza kuinyang'anya zinki polepole, ikabaki dhaifu kama sifongo ingawa kwa nje yaonekana nzima. Makopo ya bati na mitungi ya zamani ya gesi yasitumiwe kabisa, kwa maana hakuna ajuaye ukuta wake umeliwa na kutu kiasi gani.

KUPIMA KWA MAJI, SI KWA UPEPO

Boila mpya hupimwa kabla ya kuwashiwa moto. Hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha pampu ya mkono hupandisha kanieneo hadi mara 2 ya ile ya kazi; katika mfano wetu, hadi kilo 6. Boila ikitoa tone au ikifutuka, imeshindwa.

Mwanafunzi aweza kushawishika kuipeleka kwa fundi wa pancha aijaze upepo. Hilo ni kosa la hatari. Hewa hushindilika, hivyo huhifadhi nishati. Lita moja ya hewa kwa kanieneo ya kilo 6 ina nishati sawa na jiwe la kilo 5 lililoanguka kutoka urefu wa mita 15. Maji hayashindiliki ila kidogo mno, na katika kipimo hichohicho nishati yake ni ndogo mara maelfu. Boila ya maji baridi ikishindwa humwaga maji. Boila ya upepo ikishindwa hurusha vipande.

VALI NA MOTO

Vali ya usalama lazima iweze kutoa mvuke wote ambao moto waweza kuuzalisha. Katika modeli nyingi za viwandani, kisahani cha mafuta kimepimwa ili moto uzimike kabla maji hayajakwisha. Atakayeondoa kisahani hicho na kuweka mkaa au jiko la gesi atakuwa amevunja kinga mbili kwa mara moja: maji yataweza kukauka, na vali yaweza kuzidiwa.

MKAGUZI NI NANI?

Mwaka 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Marekani, ililipuka na kuua watu 58. Ajali hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kutungwa kwa kanuni za boila za wahandisi wa nchi hiyo. Nchini Tanzania, usalama wa mitambo ya kazini husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini modeli iliyo juu ya meza ya maabara kwa kawaida haimwoni mkaguzi. Mkaguzi wake ni mwalimu.

Kabla kiberiti hakijawashwa, hapana budi mwalimu aulize: Kanieneo ya kazi ni ipi, na imeandikwa wapi? Viungo vimelehemiwa kwa nini? Boila imepimwa kwa maji lini, na nani alishuhudia? Vali imejaribiwa? Maji yaonekana yamefika wapi? Swali moja likikosa jibu, moto usiwashwe.