Sentensi Sahili za Kifaransa na Mwanafunzi wa Kinango

Mwanafunzi wa Kinango, katika Kaunti ya Kwale, aghalabu huwa na lugha tatu kabla ya kukikabili Kifaransa: Kiduruma cha nyumbani, Kiswahili, na Kiingereza cha darasani. Kwa kijana anayetazamia kazi katika hoteli za Diani, Kifaransa ni lugha yenye manufaa. Suala linalomhusu mwalimu ni hili: katika lugha hizo tatu, ni ipi ifaayo kuwa msingi wa kuielezea sarufi ya Kifaransa? Kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, ni rahisi kudhani kwamba ndicho kifaacho. Sentensi sahili zadhihirisha vingine.

Tuchukue sentensi "Nina njaa". Kifaransa husema "J'ai faim". Na "Nina miaka ishirini" huwa "J'ai vingt ans". Lugha zote mbili huichukulia njaa na umri kuwa vitu alivyo navyo mtu, ilhali Kiingereza hutumia kitenzi cha kuwa. Apitiaye Kiingereza huelekea kusema "Je suis faim", kosa ambalo Kiswahili kingemwepusha nalo.

Upatanisho nao ni hivyo hivyo. Katika "viti vyeupe" na "des chaises blanches", kivumishi hufuata nomino na kupatana nayo, ingawa vivumishi vichache vya Kifaransa, kama "petit", hutangulia. Aidha, katika "Ninamwona" na "Je le vois", kiwakilishi cha yambwa hutangulia mzizi wa kitenzi. Katika Kiingereza hufuata.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina mitego yake. Ngeli si jinsia: kiambishi "ki-" huonekana katika "kiti", lakini umbo la "maison" halimwonyeshi mwanafunzi kuwa ni nomino ya kike. Yafaa ajifunze "la maison" kama kitu kimoja. "Yeye" hugawanyika kuwa "il" na "elle". "Kujua" hudai uteuzi wa maneno: "Namjua Juma" ni "Je connais Juma", bali "Najua kusoma" ni "Je sais lire". Tena, "Nimechoka", iliyo katika hali timilifu, yaweza kumvuta mtu aseme "J'ai fatigué". Sahihi ni "Je suis fatigué", na msemaji akiwa mwanamke, huandikwa "fatiguée".

Kwa hiyo mwalimu ana kazi mbili: kubainisha mahali Kiswahili kinapoongoza, na kutahadharisha mahali kinapopotosha. Kiduruma nacho, kikiwa lugha ya Kibantu yenye ngeli na upatanisho, kina nafasi katika kazi hiyo. Mtoto aliyezoea kupatanisha maneno tangu utotoni haanzi Kifaransa mikono mitupu. Ana ujuzi wa sarufi ambao darasa likiupuuza humpunguzia nusu ya akiba yake.