Je, Wajua? Kwa Gunia la Sumbawanga, 64 Huandikwa 144

Mkulima wa Laela, huko Sumbawanga, aliyevuna madebe 64 ya mahindi ana magunia 10 na madebe manne. Hesabu hiyo watu wa Ufipa huifanya kichwani, kwa kuwa gunia walilolizoea ni la debe sita. Wakala wa Vipimo wanataka kilo, na wana haki, lakini midomoni debe bado linatawala.

Sasa tusogee hatua moja ambayo sokoni haina kazi. Ikiwa debe sita ni gunia, basi magunia sita yawe rundo. Magunia 10 ni rundo moja na magunia manne. Kwa hiyo madebe 64 ni rundo 1, magunia 4, madebe 4. Zipange tarakimu hizo: 144. Hivyo ndivyo 64 inavyoandikwa na mtu anayehesabu kwa sita badala ya kumi. Tarakimu 6 kwake haipo kabisa, maana debe la sita likishaingia ni gunia zima, nalo huandikwa 10.

Na hiyo 144 si ngeni. Kwa kumi ni 12 mara 12. Kwa sita pia ni 12 mara 12, ila 12 ya sita ni gunia moja na madebe mawili, yaani nane. Na nane mara nane ni 64. Wala si bahati: ukihesabu kwa makundi ya tano au zaidi, 144 daima ni mraba wa kundi lako likiongezwa mbili. Kwa saba, 64 huwa 121, ambayo ni 11 mara 11. Kwa nane huwa 100, na kwa nne huwa 1000. Hapo ndipo 64 inapojifichua, kwani popote pale 100 ni mraba na 1000 ni mchemraba. Ukiacha sifuri na moja, hakuna namba nzima ndogo kuliko 64 iliyo mraba na mchemraba kwa pamoja. Inayofuata ni 729, mbali kweli!

Wacheza bao wanaijua 64, idadi ya kete zao katika mashimo 32. Wajerumani, ambao boma lao la Bismarckburg lilikuwa Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika, walitumia rupia ya pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa kuwa heller 100. Pesa 64 hukatwa nusu mara sita mpaka ibaki pesa moja. Heller 100 hukatwa mara mbili tu, halafu unakwama kwenye 25. Karani alipata nafuu, aliyezoea kukata nusu tena na tena akapata hasara.

Tukirudi kwenye sita, kuhesabu hivyo kuna faida yake. Jumlisha tarakimu za 144: 1 na 4 na 4 ni 9. Gawa kwa tano, hubaki 4. Watu watano wakigawana madebe 64, yatabaki manne yale yale. Sababu ni kwamba ukitoa tano tano kwenye kila gunia hubaki debe moja, na kwenye kila rundo la madebe 36 hubaki moja vilevile. Jaribu mwenyewe na madebe 100: ni marundo 2, magunia 4, madebe 4. Jumla ya tarakimu ni 10, kwa hiyo watano watagawana bila debe kubaki.